Homa ya Pikapu

Mjukuu wangu Elia,

Pokea salamu za Issuna. Usicheke. Umenizidi umri, lakini kwa ukoo mimi ni bibi yako. Nyumbani ni wazima, na alizeti tumeshavuna.

Umeniuliza ukague nini kabla ya kununua pikapu ya zamani. Mwaka jana, nikiwa bado shule, nilimsindikiza baba hadi mtaa wa Mandewa kuangalia moja. Alikuwa tayari kuuza ng'ombe wetu wa kulimia ili ainunue. Tulikuta injini inanguruma. Baba akaomba izimwe, akaweka kiganja juu ya boneti.

"Mzee, unanunua gari au unapima homa?" mwenye pikapu akamtania.

"Mgonjwa wako anayo. Tusubiri apoe."

Tukakaribishwa chai na viazi. Ilipopoa, pikapu haikuwaka mpaka tulipoisukuma, ikatoa moshi wa bluu wa oili inayoungua. Mwenye pikapu ndiye aliyesukuma kwa nguvu zaidi, huku akicheka. Baba akashukuru kwa chai, na ng'ombe wetu wakabaki.

Mpaka leo sielewi kama alitaka kutuficha ubovu huo, au aliiwasha mapema kama mtu anavyoandalia wageni. Nilimuuliza baba, akasema hata yeye hajui.

Basi gusa boneti kwanza. Ukikuta ni ya moto, usigombane na mtu. Kubali chai, uinywe taratibu.

Bibi yako mdogo,
Neema