Vibomba Vitupu vya Nongoma

Jumatatu, 8 Aprili 2019

Matokeo ya majaribio ya Nongoma yamefika hapa Durban. Mabaya! Wanawake wanarudisha vibomba vitupu, wanasema jeli wanaitumia na wanaipenda — lakini damu za wengi hazina hata chembe ya dawa. Profesa Naicker, mkuu wa utafiti wetu, kasema kamati ya utafiti inakaa Jumatano ya wiki ijayo, na kwa damu kama hizi jeli inazikwa.

Jeli yangu! Bomba moja ukeni, linazuia mimba na maradhi ya zinaa pamoja, bila kumwomba mume ruhusa. Nimeihangaikia tangu ikiwa inanata kama uji uliolala. Nimemwambia Profesa nakwenda Nongoma mwenyewe. Kacheka: mkemia unakwenda kuuliza nini huko? Nitauliza jeli yangu inakwenda wapi.

Alhamisi, 11 Aprili

Zahanati ya Nongoma. Nimewaketisha wanawake duara, nimeuliza. Kimya! Wote macho mkekani. Mmoja kasema jeli ni nzuri sana, wengine wakaitikia kama kwaya.

Halafu ndiyo nikaona nilichofanya. Nimewaalika wakamwana pamoja na mama wakwe zao, eti waongee kwa uhuru! Mimi, Mzulu mzima! Mkamwana gani ataanza kusema ya chumbani mbele ya mama mkwe, wakati hata jina la baba mkwe halitamki? Maabara imeniharibu. Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka.

Jumapili, 14 Aprili

Baada ya ibada Nonduduzo, mmoja wa wakamwana wa lile duara, kanifuata kwenye tangi la maji. Kaolewa mwaka jana tu. Kaongea huku anatazama ndoo. Jeli anaichukua mama mkwe wake, MaMchunu! Na kwa wenzake ni hivyo hivyo. Hakuna wizi. Mama mkwe anaomba, na mkamwana hamnyimi mama mkwe. Wanaume wa nyumba hiyo, baba na mwana, wako migodini Rustenburg, wanarudi pamoja.

— Na wewe unabaki na nini?

— Nabaki na kumwomba Mungu, dada.

Nilitaka kulia, na nilitaka kucheka. Jeli haijakataliwa — inagombewa! Lakini ushahidi sina, na nikimgusa MaMchunu, Nonduduzo anarudishwa kwao. Kaniapisha nisiseme. Nimeapa. Sasa?

Jumanne, 16 Aprili

Kesho kamati.

MaMchunu kaja mwenyewe asubuhi, shali begani, kafunga mlango nyuma yake. Nikajua nimekwisha. Kumbe tangu juzi mkamwana wake anamwaga chai kila akimwona. Kambana, naye kasema yote.

— Usimlaumu mtoto wangu, mwanangu. Kosa langu. Lakini nifanyeje? Nishike mimba mwaka mmoja na mkamwana wangu, tuazimane nepi? Na yule mzee wangu akiniletea zawadi zake za Rustenburg, nizipokee kwa magoti?

Nilicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka. Kauliza kama kweli damu ya Nonduduzo ndiyo inayoiua jeli. Nikasema ndiyo, yake na ya wenzake.

— Basi mmemtoboa bure. Dawa iko huku!

Akapandisha mkono wa blauzi hadi begani, akaulaza juu ya meza. Akasema pia kwamba jeli zikija tena, zije za kutosha nyumba nzima, maana Nonduduzo naye anazihitaji.

Umri wake umepita kanuni za utafiti. Nimetoka nje kumpigia Profesa. Kafoka, haiwezekani, hana hata fomu ya ridhaa! Kisha: fomu zinajazwa. Ngoja niwatafute watu wa kamati ya maadili, usikate simu.

Sijakata. Naandika juu ya boneti ya gari, simu nimeibana begani. MaMchunu kaniita dirishani: nifanye haraka, wenzake aliowaita wamefika.

Nimegeuka. Getini wamesimama mama wakwe wote wa lile duara langu — na kila mmoja ameshapandisha mkono wa blauzi.