Saumu ya Mama

Jumatatu, 22 Februari 1993
Sindano saa moja, paja la kushoto. Miezi mitatu sasa namchoma Mama. Kipimo cha sukari alichokileta kaka Hamisi kutoka Maskati kimesema tisa. Nzuri. Chupa ya dawa nimeirudisha mtungini, ndani ya kopo lake, isipate joto. Mama kauliza kama mwezi utaandama leo. Nimemkumbusha daktari kamkataza kufunga.

Jumatano, 24 Februari
Sindano, kisha uji. Nikirudi kisimani, bakuli tupu. Anakula upesi kuliko siku zote. Alhamdulillahi.

Ijumaa, 26 Februari
Alasiri kipimo kimesema tatu na nusu. Sijapata kuiona hesabu hiyo. Nimepima tena. Ile ile. Nimempa chai ya sukari, kasema niiache mezani, atainywa. Naogopa. Dawa ikizidi, namuua. Ikipungua, namuua. Nani aliyeamua mimi nishike sindano?

Jumapili, 28 Februari
Naandika ili nitulie.
Saa sita mchana nimemkuta chini, kando ya kitanda. Jasho tele. Mwili baridi. Macho wazi, hanioni. Kaniita kwa jina la dadake aliyekufa. Kipimo: moja nukta tisa. Zahanati Jumapili imefungwa, hospitali ng'ambo, na feri hakuna ajuaye itavuka lini. Nilipiga ukelele. Jirani yetu Mama Kadzo kaja mbio na sukari mkononi. Mama kakaza meno. Nimemfungua kinywa kwa nguvu, mimi, mamangu mzazi, tukampaka sukari ndani ya mashavu. Nilihesabu pumzi zake. Mwisho akameza.
Neno lake la kwanza:
"Mishi, umenivunjia saumu yangu."
Mama Kadzo ndiye aliyeuona uji chini ya dirisha, kuku wanadonoa. Siku zote hizi. Na mimi namchoma sindano mtu mwenye njaa.

Jumatatu, 1 Machi
Sikumchoma. Sikuweza. Adhuhuri kipimo kumi na tisa, kiu haimwishi. Nimekwenda zahanati mbio. Nesi kanigombeza, kisha kanishika bega. Dawa nimpe, kidogo kuliko zamani, na chakula nikione kikiingia kinywani.
Nimemwambia Mama. Kalia.
"Tangu kuvunja ungo sijaiacha Ramadhani. Nitamwambia nini Mola?"
"Mwambie Mishi alikukataza."
Sijui ulimi wangu uliutoa wapi ujasiri huo.

Jumanne, 2 Machi
Sindano. Kala vijiko vinne. Kutwa nzima nimemwamsha kila akisinzia, nihakikishe hajazimia. Kaniapiza. Afadhali aniapize.

Alhamisi, 4 Machi
Kipimo nane. Mama kakubali kutoa fidia badala ya kufunga, kibaba cha mchele kila siku, kwa kizee mmoja wa huko nyuma ya msikiti. Mchele kaupepeta mwenyewe, mchele mzuri.
Anakula mbele yangu, uso kaugeuzia ukutani. Leo kijiko kilisimama hewani. Kasema polepole, "Mlango, mwanangu."
Nikaufunga. Mgeni akija nitamwambia kalala.