Sitatoa Kitu Ukutani

Jumamosi, saa kumi ya jioni. Mvua ya saa nane imepita, vumbi la barabara limelala, na mimi bado sijatulia. Si woga. Ni hasira. Ninaandika kabla haijapoa, maana nikipoa nitaanza kujiuliza kama nilivuka mipaka, na leo sitaki kujiuliza.

Leo asubuhi chefu wa avenyu yetu, yaani kiongozi wa mtaa, aliniambia nibomoe chumba changu cha muziki. Nilikataa.

Ngoja niandike tena, nilione vizuri. Nilikataa.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: jina langu ni Masika, niko na miaka arobaini na tatu, ninashona nguo hapa Bunia, mkoani Ituri, Kongo. Sina mume, sina mtoto. Niko na mama yangu, na nyumba ya vyumba vitatu niliyoijenga tofali kwa tofali kwa mashini moja ya kushona. Chumba cha tatu ndicho kilichoniletea maneno. Kila mtu alikuwa na mpango wake juu ya chumba hicho. Kaka yangu mkubwa Paluku, aliyebaki Butembo, alitaka nikipangishe. Mchungaji alishauri kiwe cha maombi. Jirani yangu Mama Sifa alisema kingefaa kwa magunia ya maharagi.

Mimi nilitaka kusikiliza muziki.

Si kwenye simu. Si ule wa kilabu cha kona, unaotikisa madirisha ya watu hadi wanasahau walichokuwa wanasema. Nilitaka kuketi kwenye kiti changu, mchana kweupe, na kusikia gita la besi likitembea taratibu chini ya sauti ya mwimbaji.

Mambo haya yalianza na baba. Tulipoikimbia Beni kwa sababu ya vita, watu walibeba masufuria na magodoro. Baba alibeba santuri zake kumi na moja, zile kubwa nyeusi za zamani. Alizifunga ndani ya blanketi akaziweka kwenye mapaja yake ndani ya lori, njia nzima. Mama alimgombeza mpaka tulipofika hapa. "Tutakula nyimbo?" alimuuliza. Baba alikaza blanketi. Alikufa bila kupata tena mashini ya kuzipiga.

Mwaka jana mzungu mmoja wa shirika alikuwa anarudi kwao, akauza vitu vyake. Nilinunua mashini ya santuri, ampli ya kukuza sauti, na bafle mbili, spika za mbao zinazonifika kiunoni. Nilizifikisha nyumbani kwa motari wawili wa pikipiki, nikaziunga kwenye betri ya jua, nikaweka santuri ya kwanza ya baba, nikaketi.

Ilikuwa aibu. Kuta za simenti, chini simenti, juu manjanja, yaani mabati matupu. Orkestra nzima ilisikika kama imefungiwa ndani ya pipa. Ngoma ikipigwa mara moja nilikuwa naisikia mara tatu. Maneno ya mwimbaji yalipandana. Besi ilijikusanya kwenye kona na kunguruma kama lori lililokwama kwenye matope. Nilidhani nimeuziwa vitu vibovu. Nilisimama katikati ya chumba nikapiga kofi moja kwa hasira, na lile kofi likakimbia kutoka ukuta hadi ukuta, trrrr, kabla ya kufa.

Ndipo nikaelewa. Ugonjwa haukuwa kwenye mashini. Ulikuwa kwenye kuta.

Nilisoma, niliuliza, nilikosea. Nilianza na makasha ya mayai, kama wengi wanavyofanya. Kazi bure: sauti ndogondogo zilikauka, na ile ngurumo ya kona haikutikisika. Nilitundika pazia moja. Bado. Ukuta unataka kitu kinene, kinachoinywa sauti, si cha kuufunika tu. Na mimi kitu kinene niko nacho: magunia ya vipande vya nguo, miaka kumi na mingapi ya kushona. Seremala wa hapa karibu alinitengenezea kadre, yaani fremu za mbao, kina chake kiganja kizima. Nilizijaza vipande, nikavipanga bila kuvishindilia, nikazifunga mbele kwa vikwembe, vile vitenge vyetu. Kwenye kona niliweka marundo ya blanketi kuukuu, kutoka chini mpaka juu.

Kujua pa kuzitundika, unahitaji watu wawili na kioo. Mama alikisogeza kioo ukutani, mimi nimeketi kwenye kiti. Pale ninapoiona bafle ndani ya kioo, pale ndipo sauti inapogonga na kunirukia. Pale ndipo kadre inapokaa.

"Sogeza, mama. Tena. Tena kidogo."

"Masika, miye nashikaka kioo ju ya kuangalia sura yangu," alisema, mkono umeshachoka. "Leo njo nakishika ju ya kuangalia mbao."

Siku nilipomaliza nilipiga kofi. Kofi likawa kofi. Nikaweka ile ile santuri ya kwanza.

Sijui nieleze vipi. Nilisikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kiitikio. Nilisikia mtu wa ngoma akichelewa kidogo na kujirudisha. Mama alikuwa anapita na kikapu cha majani ya sombe, akasimama mlangoni, hakutoka mpaka upande wa santuri ulipokwisha.

"Tangu nimeolewa nasikiaka huu wimbo," alisema. "Hii gita ya tatu ilikuwaka wapi?"

Ilikuwa mle mle, mama. Siku zote.

Basi. Furaha ilidumu wiki mbili hivi.

Seremala alisema kwa mtu kwamba Masika anavalisha ukuta nguo. Mama Sifa aliona blanketi zikiingia na hazitoki. Penye bomba la maji mtu akasema: anafunga sauti isitoke. Na mtu anayefunga sauti anaficha nini? Kwanza nilikuwa naficha mume wa mtu. Nilicheka. Halafu nilikuwa naomba kwa mwingine asiye Mungu. Sikucheka sana. Jumatano ukafika uvumi wa tatu: kwamba mle ndani kuna redio ya kuongea na watu wa porini, wale wenye silaha.

Hapa kwetu, neno la namna hiyo hakuna anayelicheka. Unaweza kupelekwa kasho, kule mahabusu, juu ya neno kama hilo, na siku ukweli utakapojulikana wewe umeshazoea sakafu yake. Siku ileile mteja mmoja alikuja kuchukua kikwembe chake kabla sijakikata. Alisema amebadili mawazo. Hakuniangalia.

Paluku alipiga simu kutoka Butembo. Habari ilimfikia hata huko.

"Toa ayo mambo, Masika. Weka kitanda mule. Waone kitanda, wanyamaze."

Na hapa lazima niungame, maana hiki kitabu changu cha mtandaoni sikukifungua ili nijisifu. Alhamisi nilishusha kadre moja. Nililia nikiishusha. Niliisimamisha kwenye korido, nikarudi chumbani nikapiga kofi, na ile trrrr ikanijibu kutoka kwenye ukuta uliobaki uchi. Niliwaza kasho. Niliwaza mama yangu akiwa peke yake. Kisha nikawaza kwamba nikishusha hii kwa ajili ya uongo, uongo ule utarudi kesho kuomba nyingine.

Niliirudisha.

Leo asubuhi waliingia uani: chefu mwenyewe, wanaume wawili, mmoja na daftari, na nyuma yao wanawake kama saba, Mama Sifa katikati. Chefu si mtu mbaya. Ni mzee wa heshima, nimemshonea yeye na mke wake miaka mingi.

"Mama Masika, tunasikia uko na chumba yenye haitokake sauti."

"Mulisikia kwa nani, papa chefu?"

Mama Sifa akaangalia miguu yake.

"Ni ju ya usalama," chefu akasema. "Utatoa ayo yote ku ukuta. Leo."

"Sitatoa."

Nadhani aliona amesikia vibaya. Mimi pia nilishangaa sauti yangu ilivyotoka kubwa.

"Sikatai muingie," nikamwambia. "Ingieni wote. Muangalie, mupapase. Lakini kutoa, sitatoa."

Waliingia. Walizunguka wakigusa vikwembe kwa vidole, kama vinaungua. Wa daftari akaigonga kadre kubwa, ile ya nyuma ya bafle. "Mu ndani kuko nini?"

Nilichukua mkasi wangu wa kazi, nikaipasua ile kadre kutoka juu mpaka chini. Kazi ya siku tatu. Vipande vilimwagika kwenye sakafu: bluu na nyeupe za wanafunzi, satini ya maharusi, kijani ya wanakwaya. Niliingiza mikono yote miwili nikatoa vingine, nikatupa katikati yao.

"Angalia, papa. Tafuta hiyo redio."

Mama Sifa akainama polepole, akaokota kipande cha manjano chenye ndege.

"Hii ni ya libaya yangu," alisema kwa sauti ndogo, akiikumbuka ile blauzi. "Ya ndoa ya Sifa."

"Njo yako," nikamwambia. "Kila mutu wa hii avenyu iko humu. Hata suruali ya kanisa ya papa chefu iko humu."

Mwanamke mmoja akacheka. Si mimi.

Nikawaambia watoke wangoje uani, nikafunga mlango, nikapiga wimbo mzima. Kisha nikatoka.

"Mulisikia?"

"Tulisikia," akasema wa daftari. "Yote."

"Sasa nani alifunga sauti? Sauti inatoka kama kawaida. Miye nilipunguza ile yenye kurudi, nisikie muzuri. Njo vile tu."

Chefu alirudi ndani peke yake, akaketi kwenye kiti changu. Nikampigia santuri ya baba, upande mzima. Alisikiliza kofia ikiwa magotini, na kwenye solo ya gita kidole chake kilikuwa kinapiga paja. Nilijua nimeshinda.

Akasimama, akavaa kofia. "Ni muzuri sana, Mama Masika. Haki ya Mungu, ni muzuri. Lakini watu wanaogopa. Toa tu, watu watulie."

Angesema ni mbaya ningemwelewa.

"Papa chefu, nikitoa leo, kesho watasema alitoa ju alikuwa anaficha. Walikuwa wanaogopa ju hawakuingia. Sasa wameingia."

Hapo mama, aliyesimama kwenye kizingiti tangu mwanzo, akafungua mdomo. "Bwana yangu alibeba izo santuri ku mapaja tangu Beni. Nilimutukana njia yote. Leo mukitaka kutoa kitu humu, mutaanza na miye."

Hakunyanyua sauti. Chefu alimtazama, akanitazama, akapumua kama mtu aliyechoka na kazi yake.

"Andika," akamwambia wa daftari. "Tumeangalia. Ni vikwembe. Andika ni chumba ya kushonea, iishe."

Ilikuwa rahisi kunyamaza. Alikuwa ananipa njia, najua, na kwa moyo mzuri. Ningenyamaza, wangeondoka, na kwenye daftari la avenyu ningebaki mshonaji mwenye chumba cha kushonea.

"Hapana," nikasema. "Hapa hapashonewi kitu. Andika: chumba ya kusikiliza muziki."

Wa daftari alimwangalia chefu. Chefu alifunga macho, akatikisa kichwa kukubali. Yule akakata mstari wake, akaandika upya, nami nilisimama karibu naye nikisoma neno baada ya neno mpaka akamaliza.

Walipotoka, Mama Sifa alibaki. Nilingoja aombe msamaha. Hakuomba. Aliuliza kama anaweza kwenda na kile kipande cha manjano. Nikamwambia hapana, kinarudi ukutani, na siku akitaka kukiona abishe hodi kwangu badala ya kusema kwenye bomba. Aliondoka. Sijamsamehe. Labda nitamsamehe, lakini si leo, na sitaandika hapa kwamba nimefanya jambo ambalo sijalifanya.

Sijui ripoti itafika wapi. Sijui kama yule mteja atarudi. Inawezekana wiki ijayo watakuja wengine, wenye magwanda, ambao hawataketi kwenye kiti. Hilo ninaliogopa, kusema kweli.

Lakini nani alituandikia kwamba sisi wa Ituri tukipata chumba lazima kiwe cha kujificha? Watu wa mashirika wanaokuja kutuhoji wanauliza tulikimbia mara ngapi, tunakula mara ngapi. Hakuna aliyewahi kuniuliza ninapenda gita la nani. Ninaishi hapa. Si kwamba ninasubiri tu vita viishe ndipo nianze kuishi.

Bado kuna kazi moja. Mvua ya leo imenikumbusha: ikipiga manjanja, besi yote inapotea. Inatakiwa kadre ya juu, ya kuning'inia chini ya paa, kubwa kuliko zote. Seremala ameshaimaliza, iko kwake, upande wa pili wa avenyu. Alikuwa amesema ataniletea kimyakimya, gizani, watu wasione.

Nimemwambia asihangaike. Nitaichukua mwenyewe kesho, saa watu wanatoka kanisani, na nitaibeba kichwani.