Mwezi Mzee Upande wa Mashariki

Baba yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa hapa uwani kwako, kijijini Dranya, asubuhi. Ni habari za Mama. Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike, na bado mambo magumu ya nyumba hii nayaleta kwako. Utanivumilia.

Mama ana ugonjwa wa sukari, Baba. Ulituacha kabla hatujajua. Daktari wa Arua alimwambia waziwazi asifunge, na sheikh naye akasema mgonjwa kama yeye alishe maskini, yatosha. Mama akaitikia ndiyo, ndiyo, tukarudi nyumbani, na siku ya kwanza ya Ramadhani akafunga! Ikabidi nifunge kibanda changu cha vitambaa sokoni Arua nije kukaa naye. Juzi alianguka ghalani akichota mtama. Nilimwinua akiwa jasho tupu, nikamsihi anywe chai. Akakataa katakata. "Mimi nitafungua na mwezi. Mzee alinifunza hivyo," akasema, akikutaja wewe. Nikamwambia redio itatangaza Idi. "Redio iko na mdomo tu, macho haina." Halafu akaongeza jambo lililonikata maini: kwamba siku hizi unamjia ndotoni, unamwita mtoke nje mkautazame mwezi.

Tangu hapo sina raha. Akilala kidogo mchana nasogea kusikiliza pumzi yake.

Unakumbuka siku ile niliporudi kutoka shuleni nikikubishia kwamba mwezi hupungua kwa sababu ya kivuli cha dunia? Ulicheka, mwanajeshi mzima, mpaka ukakohoa. Ilikuwa alasiri na nusu ya mwezi ilikuwa juu, mchana kweupe. Ulichuma chungwa ukaliinua kwenye jua, karibu na pale mwezi ulipokuwa.

"Chungwa yangu, upande gani iko na mwanga?"

"Huu wa jua."

"Sasa angalia mwezi."

Lo! Vilifanana kabisa, nusu nyeupe kwa nusu nyeupe. "Nani ameweka kivuli kwa chungwa? Hakuna mutu. Jua iko napiga upande moja siku zote. Mwezi iko natuzunguka, basi sisi tunaona ile mwanga kidogo, ama nusu, ama yote." Kivuli cha dunia, ulisema, ni cha kupatwa kwa mwezi, na hilo hutokea mara chache. Kisha tukalimenya chungwa tukalila, na Mama akatoka jikoni ameshika kiuno: "Mumekula mwezi yote! Na mimi?"

Ukanipa na sheria yako. Kabla ya kupiga kelele kwamba mwezi umeandama, uliza kwanza jua liko wapi. Ukiuona mwembamba magharibi, jua likiwa limetoka kuzama, huo ni mchanga, Idi imefika. Ukiuona mwembamba mashariki, jua likiwa karibu kuchomoza, huo ni mzee, unaliendea jua ukapotee. Na ukionekana alfajiri, jioni yake usijisumbue kuutafuta. Kila mwaka kulikuwa na mtu hapa kijijini aliyekuja mbio alfajiri kukupongeza kwa Idi, nawe ukamrudisha nyumbani na njaa yake.

Leo alfajiri Mama alitoka kutawadha, nikasikia birika limeanguka. Nilitoka mbio nikijua ndiyo basi. Nikamkuta amesimama, kidole juu. "Mwezi! Ile pale. Idi imefika."

Nikatazama. Ulikuwa mwembamba kama kipande cha ukucha, na chini yake mbingu ilikuwa imeanza kuwa nyekundu, saa ya daku imeshapita. Mashariki, Baba. Mwezi mzee.

Sheria yako ilinijia mdomoni. Nikaimeza. Nikaingia jikoni nikawasha moto, nikapika uji wa mtama, nikampa kikombe bila kumtazama usoni. Akanywa. Akanywa wote! Nikawa nafurahi na kuogopa kwa pamoja: kama Mama, aliyekaa na wewe miaka yote ile, hajui tena mashariki na magharibi, basi sukari imefika kichwani.

Akaweka kikombe chini. "Jua iko wapi?" akaniuliza.

Nikageukia moto, nikasukuma kuni.

"Jua haijatoka. Mimi najua ile ni mwezi mzee, sijapumbaa. Nilichoka, mwanangu. Nilitaka kuona kama utaninyang'anya kikombe." Akafuta mdomo kwa kanga. "Haya. Siku ya leo na zilizobaki, nenda ulishe maskini. Na usimwambie mutu kama mke wa Mzee alikula kabla ya mwandamo."

Nililia pale pale jikoni, na yeye akaniambia niache upuuzi, niongeze uji.

Sasa amelala mkekani, na pumzi naisikia. Lakini miguu yake imevimba, na kabla ya kusinzia alinishika mkono akasema mwezi mpya ukiandama nimsaidie kutoka, kwa sababu wewe utakuwa unamngoja nje. Alisema hivyo akitabasamu. Mimi sikutabasamu.

Baba, nitamtoa. Nitamshika huku na huku, tutatazama magharibi, nami nitamwonyesha kwa kidole changu mimi. Wewe kaa kimya siku hiyo. Chungwa tulilila wawili, na yeye hakupata kipande. Niachie niwe naye, nimmenyee lake.

Usimwite bado.

Binti yako wa kwanza