Geti la Barabarani Limefunguliwa Tena

Jirani yangu mpendwa, mama Upendo,

Namba yako haipatikani. Mwalimu wa darasa la kwanza aliniambia umepangiwa shule nyingine huko huko kwenu nyanda za juu, na kwamba laini ya zamani uliiacha. Kwa hiyo naandika hapa, mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma, huenda mmoja wao anakujua akakuonyesha. Nataka jambo hili ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mtu mwingine. Geti la shule la barabarani, lile lililofungwa baada ya msiba wako, limefunguliwa. Na mimi nilikuwa miongoni mwa walionyoosha mkono lifunguliwe.

Nitakueleza ilivyokuwa. Lakini niache nianze mbali kidogo. Nikianzia hapo nitaonekana mtu asiye na moyo, na siku hizi mwenyewe sina hakika.

Unakumbuka ulivyofika? Ulishuka kwenye kirikuu na godoro, ndoo, na gunia la viazi mviringo, umevaa sweta katika joto hili la Kibiti, Upendo amelala mgongoni. Baba Salma alikupokea mizigo, ukaingia vyumba vile viwili vya mbele, na jioni akaniambia ndani kwamba huyu mwalimu hamalizi mwaka. Wiki ya kwanza ulikuwa unafunga dirisha nikikaanga samaki wa chumvi. Nilikuona, nikaendelea kukaanga. Kisha siku moja ukaja mwenyewe na sahani yako, ukasema, "Dada, nipe nionje, maana nimechoka kujifungia." Ulikula ukamaliza, ukaomba na ugali wa muhogo.

Tuliishi hivyo. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa unatoka shule, unavua viatu, unakaa jikoni kwangu kuponda nazi, hata kabla sijakuita. Upendo alifunga siku moja mpaka saa sita mchana, akatangaza mtaa mzima kwamba na yeye amefunga. Krismasi mimi ndiye niliyekupikia pilau, ukakaa kama bibi harusi na wageni wako walimu. Salma wangu akajifunza kusema "kamwene", salamu ya kwenu, kwa lafudhi yako mpaka mama yangu akija kutoka Ruaruke anauliza mjukuu wake amekuwa kabila gani. Wasichana wale wawili walikuwa wanatoka asubuhi pamoja na kurudi pamoja, mmoja hakukubali kuondoka mwenzake hajavaa soksi.

Wakati huo watoto walivuka barabara asubuhi na jioni tu, kwa kundi, na mapumziko walikuwa hawana sababu ya kuvuka. Shule iko ng'ambo, na duka la Bi Mwajuma lilikuwa upande ule ule wa shule. Unalikumbuka duka lile, giza ndani, dirisha la mbao, na yeye nyuma yake na miwani iliyofungwa uzi. Alikuwa hamuuzii mtoto pipi kabla hajamuuliza amekula nini nyumbani. Mtoto akizubaa pale na jua linazama, alikuwa anamwita kwa jina la mama yake na kumfukuza. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Macho yalipomsumbua, mwanawe akaja kumchukua kwenda Dar es Salaam, nyumba ikapangishwa, duka likawa saluni.

Ndipo Bwana Seif akajenga fremu zake upande wetu wa lami, mkabala na geti la shule. Sisi wote tulifurahi, wewe pia. Mafuta, sukari, vocha, madaftari, vyote pamoja, na friji ya askrimu mlangoni. Kijana mmoja akaweka kikaango cha chipsi mbele. Kengele ya mapumziko ikilia, unaona sare za shule zinavuka barabara kama kuku waliomwagiwa mtama, na malori ya Lindi hayapunguzi mwendo.

Wewe ndiye uliyelisema kwanza, kwenye mkutano wa wazazi. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yako. Uliomba geti lifungwe wakati wa mapumziko, na kina mama wauze uji na mihogo ndani ya uzio, basi. Ulisema kwa adabu. Bwana Seif akasimama, na yeye akasema kwa adabu, kwamba amejenga kwa jasho lake, wajukuu zake wanasoma pale pale, na hakuna mtoto aliyewahi kuguswa. Kisha akaongeza lile neno. "Mwalimu, wewe ni mtumishi, kesho utahamishwa. Sisi tutabaki na maduka yetu." Watu wakacheka kidogo. Mwenyekiti akasema jambo litaangaliwa. Wewe ulikaa, ukafungua mkoba, ukaufunga. Njiani tunarudi ulizungumzia mvua.

Sitaandika yote ya siku ile. Unayajua, na mengine unayajua peke yako. Mimi nilikuwa natwanga kisamvu. Nilisikia breki za fuso, nikasikia watu, na nikaendelea kutwanga mpaka Salma aliposimama mlangoni na mikoba miwili, wake na wa mwenzake. Nilimuuliza, "Mwenzako yuko wapi?" Akanyoosha kidole barabarani. Nilipofika barabarani mlikuwa mmeshaondoka naye kwenda hospitali ya Mchukwi. Nilibaki nimesimama pale, kanga moja, mkono una majani ya kisamvu. Alasiri mlirudi bila yeye, na wewe uliingia ndani na kukaa kwenye mkeka wangu badala ya kiti chako.

Kina mama wa mtaa walijaa. Nakumbuka walikuwa hawajui wasome nini, dini yako nyingine, mwishowe wakakaa kimya tu, na nadhani kimya kile ndicho kilichokufaa. Bwana Seif alikuja. Alisimama uani muda mrefu, kofia mkononi. Hukumwangalia, wala hukumfukuza. Asubuhi gari likaja, mkamchukua mtoto kwenda kumzika kwenu. Ulirudi mara moja tu, kufungasha. Gunia la mchele nililokupa uliliacha jikoni, na sijui kama ulilisahau.

Tangu hapo, mwenzangu, nimekufa ganzi. Sina neno lingine. Silii. Nilitegemea kulia na machozi hayakuja, yakapita. Napika, nafua, naenda shamba Mtawanya, narudi. Mtu akinisimulia jambo la kuchekesha nacheka mahali panapotakiwa. Vyumba vyako tumempangisha muuguzi, binti mpole, na siku ya kwanza alipofungua dirisha nilimwangalia nikasubiri nisikie kitu. Sikusikia.

Baada yako mambo yalifanywa haraka, kama vile yote yalikuwa tayari mahali fulani yanasubiri. Matuta yakawekwa. Geti la barabarani likafungwa kwa mnyororo, na watoto wakaamriwa kupita geti la nyuma, njia ya mikoroshoni inayopita chini ya daraja la barabara. Waliocheka ulipoitwa mtumishi ndio waliochanga matofali ya kumalizia uzio. Nilibeba matofali pamoja nao. Sikuwa na hasira nao.

Matuta yale hayakudumu. Yamelika, madereva wa mabasi wanajua pa kupita bila hata kutikisika. Lakini tulikuwa na mnyororo wetu, tukajiona salama.

Sasa sikia. Njia ya mikoroshoni unaijua. Msimu wa korosho kuna watu, lakini miezi mingine ni majani marefu na ukimya, na watoto wa zamu ya jioni wanatoka jua limeshalegea. Binti mmoja wa darasa la sita alikuwa anarudi peke yake. Mwanamume akatoka kwenye majani akamshika mkoba. Mtoto akauacha mkoba mkononi mwa mtu huyo akakimbia mpaka kwangu, maana nyumba yangu ndiyo ya kwanza. Nilimpa maji. Alikuwa na kiatu mguu mmoja. Aliniomba nisimwambie baba yake kwamba amepoteza mkoba. Mtu yule hajapatikana mpaka leo.

Mkutano ukaitwa. Tulikaa darasa la saba, watu wazima tumekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Baba wa binti yule alisimama akasema hataki maneno mengi, anataka geti la barabarani lifunguliwe kesho, barabarani angalau kuna macho ya watu. Upande wa pili mama mmoja akasema, mmesahau upesi hivyo? Wengine wakasema anayetaka mtoto wake avuke amshike mkono mwenyewe. Mmoja akasema watoto wa siku hizi hawasikii. Mwalimu mkuu akasema hana askari wa kuweka mikoroshoni na hana polisi wa kuweka barabarani. Walizunguka humo humo mpaka adhuhuri ikaadhiniwa.

Bwana Seif amezeeka ghafla. Friji ya askrimu aliiuza, mlangoni pake sasa kuna saruji na mabati. Mwenyekiti akamuuliza maoni yake, akatikisa kichwa, akasema yeye alishasema mara moja na inatosha.

Ndipo mwenyekiti akageuka upande wangu. "Mama Salma, wewe ulikuwa jirani yake mwalimu. Yeye angesemaje?"

Watu wote wakanigeukia. Unanijua, mimi si mtu wa kusimama mikutanoni, miaka yote nilikaa nyuma yako na wewe ukasema. Nilisimama. Nikatafuta sauti yako kichwani nikaikosa. Nilikuona tu ukiponda nazi. Nikasema, "Mimi siwezi kumsemea mwalimu. Lakini yule mtoto alifika kwangu na kiatu kimoja. Fungueni geti, na tusimame wenyewe barabarani, kwa zamu, wakati wa kuingia na wa kutoka. Mapumziko libaki limefungwa, kama alivyoomba mwalimu."

Hakuna aliyecheka. Wakapiga kura, mikono ikanyooshwa, na wangu ulikuwa mmojawapo. Mama yule aliyesema tumesahau alinipita mlangoni bila salamu. Sikumlaumu. Labda na wewe hutanisalimu ukisoma hapa, na nitaelewa.

Usiku ule Salma aliniuliza kama kweli geti litafunguliwa. Nikamwambia ndiyo. Akasema atavuka, lakini hataki kushikwa mkono na mtu. Nikamwambia sawa. Yeye sasa ni mrefu, amekuwa mkimya, darasani anafanya vizuri. Kamwene hasemi tena. Sijamlazimisha.

Zamu ya asubuhi nimeichukua mimi, kwa kuwa wengine wana vibarua na watoto wachanga. Bwana Seif ameomba ya jioni. Alikuja mwenyewe kuniomba, hakwenda kwa mwenyekiti, akasimama uani pale pale aliposimama siku ya msiba. Nilimwambia zamu si yangu kuigawa. Akasema anajua. Sasa anasimama kila jioni na fimbo yake, na madereva wanamwogopa kuliko mimi.

Sikuandiki ili uniambie nilifanya vema. Wala sikuombi urudi, hapa pana nini cha kurudia. Huenda ulitaka mnyororo ule ubaki milele, kama alama. Ningekuwa wewe, ningetaka. Kama nimekukosea, nitumie hata neno moja kupitia kwa mwalimu wa darasa la kwanza, nitalipokea. Na kama hutaki kusema kitu, hilo nalo nalielewa kuliko mambo yote. Kula vizuri. Vaa sweta lako, huko ndiko lilikotakiwa kuvaliwa.

Nimebakisha kukueleza siku ya kwanza. Niliamka mapema, nikaswali, nikafunga kitambaa chekundu kwenye mti wa fagio kikawa bendera. Nikasimama pale. Unajua ni pale wapi. Nilidhani miguu itakataa, haikukataa. Watoto wakajipanga ukingoni, wadogo mbele, Salma nyuma kabisa na mikono mifukoni. Basi likaja kutoka Kibiti mjini, kubwa, linapiga honi. Nikaingia katikati ya lami, nikanyoosha mkono na bendera. Basi likapunguza, likasimama. Dereva akaniangalia, nami nikamwangalia. Watoto wakavuka, mmoja baada ya mwingine, mpaka Salma, naye akavuka. Nikashusha mkono, basi likaondoka.

Hakuna kilichotokea. Asubuhi ya pili pia hakuna kilichotokea. Niliona ni mimi ninayepaswa kukuandikia hivyo.

Wako katika vyumba vya nyuma,
jirani yako, mama Salma