Barabara za Mvuleni Hazinyooki

Alhamisi, mwaka wa pili wa Uhuru. Manyunyu tangu alfajiri, kisha jua likatoka limeoshwa uso.

Magoti yananiuma, na moyo nao siuelewi. Nimekaa barazani kwa mjukuu wangu Mwanasha, katika mji mpya huu unaoitwa Mvuleni, kati ya Ukunda na Msambweni. Atakayeucheka mwandiko wangu na acheke. Herufi nimezipata chuoni kwa Kurani kidogo, na kisomo cha watu wazima kidogo. Mwalimu wa kisomo alikuwa mdogo kuliko mwanangu, nikamwambia asinipigie kelele, maana nimezaa mkubwa kuliko yeye.

Leo nimeiba.

Nimeiba kitovu cha mtoto, na mtoto mwenyewe ni kitukuu changu.

Nilikuja hapa kutoka kwetu Kikoneni kumlea mzazi. Mwanasha amejifungua mtoto wa kiume, Bakari, mkubwa wa kichwa kama baba yake. Kazi yangu ni kumkanda mama maji ya moto, kumpikia uji wa pilipili manga na kumzuia asitoke nje mpaka arubaini iishe. Mumewe, Hamisi, hufanya kazi bandarini Mombasa. Huondoka na giza akavuke feri ya Likoni, akirudi amechoka hata salamu inamtoka nusu. Nyumba hii wameipata kwa ajili ya kazi yake.

Sasa sikiliza. Kwetu kitovu cha mtoto kikianguka huzikwa nyumbani, na juu yake hupandwa mnazi. Mnazi ule ni wake mpaka afe. Mtu ukimwuliza kwao ni wapi, hana haja ya maneno mengi, atakupeleka mpaka penye mnazi wake. Kitovu cha mama yake Mwanasha nilikizika mimi. Cha Mwanasha nilikizika mimi, nyuma ya jiko langu, na mnazi wake umekwisha kutupa madafu. Cha Bakari je? Kizikwe katika mji wa kupewa? Anayekupa nyumba leo, kesho aweza kukuambia utoke. Na sisi Wadigo mtoto ni wa fuko, yaani ukoo, wa mama yake, kwa hiyo kichwa kile kikubwa ni changu mimi pia.

Nilimwambia Mwanasha haya tangu siku ya kwanza. Akanijibu, "Bibi, tutaona." Mimi hilo neno nalijua. Nimelitumia sana kwa watu nisiotaka kuwasikiliza.

Basi asubuhi hii kitovu kimeanguka wakati namwogesha mtoto. Mama yake alikuwa amelala. Nikakifunga kwenye pembe ya leso, nikakaza fundo kwa meno, nikavaa buibui langu, nikatoka. Nia yangu ilikuwa nifike barabara kuu, nipande basi, kabla ya adhuhuri niwe Kikoneni na jembe mkononi.

Lakini kutoka katika mji huu si kazi rahisi. Mji wenyewe unakushika.

Lazima niseme kweli, maana daftari halina wa kumdanganya. Tangu nifike hapa nimegomba kila siku, na kila siku nimeshangaa. Nagomba kwa mdomo, nashangaa kwa moyo. Sikuwahi kuona mahali watu walipojenga na msitu usikimbie. Nyumba zimepangwa kama watu waliokaa jamvini, hakuna anayempa mwenzake mgongo. Mlango na dirisha vinatazamana, upepo wa pwani unaingia huku unatokea kule, hata mchana wa jua kali ndani unatamani shuka. Maji ya mvua hayaachwi yakakimbilia baharini na udongo wetu. Yameelekezwa kwa mitaro mpaka bwawani, na bwawani kuna mayungiyungi na vyura wanaoimba kama wameajiriwa.

Magari hayaingii ndani. Yanasimama langoni kama wageni wenye adabu.

Na mbega! Penye barabara, waliojenga wameacha matawi ya huku na ya kule yakutane juu, mbega wapite bila kushuka chini. Jana nilisimama nikatazama mama mbega akivuka na mwanawe mweupe kifuani, sisi huku chini tunakwenda sokoni, yeye kule juu anakwenda kwake, hakuna aliyemsumbua mwenziwe. Nilisema "Subhanallah" kwa sauti, watu wakageuka. Nikawauliza wanatazama nini, hawajapata kuona mzee akimtaja Mungu wake?

Na jambo jingine hili. Nimekua nikiona nyumba za mawe zenye bustani pwani hii, na zote zilikuwa za bwana mkubwa. Sisi tulipita nje ya ua na vikapu vyetu vya samaki na maembe, mbwa wakatubwekea. Leo mjukuu wangu ana bomba la maji na baraza ya saruji, na akinuna ananuna ndani ya nyumba ya mawe. Sikutegemea kuyaona haya kwa macho haya.

Kitu kimoja tu nilikuwa nacho cha kuwacheka. Barabara zao za miguu na mikokoteni. Hakuna hata moja iliyonyooka. Inakwenda vizuri, mara inajikunja kama imekumbuka kitu nyumbani, inarudi tena, inazunguka. Nilikuwa nikimwambia Hamisi kwamba waliozichora walikuwa wamekunywa tembo la asubuhi.

Basi leo nakwenda mbio mbio za kizee na fundo langu, na barabara ikajikunja mbele yangu tena. Haraka niliyokuwa nayo! Nikamkuta msimamizi wa ujenzi, Mutua, kijana wa bara, amechuchumaa na wenzake wanafunga kamba kwenye vigingi mahali itakapopita barabara nyingine. Nikamwamkia kwa ugomvi.

"We Mutua! Nani aliyewafundisha kuchora barabara? Nyoka?"

"Shikamoo, mama mzee."

"Marahaba. Nimeuliza."

Akacheka. Kiswahili chake cha bara kinanikwaruza masikio, lakini kijana ana heshima. "Hii hapa tulipindisha juu ya huyo mnazi."

"Mnazi mmoja? Kata! Pwani hii minazi imekwisha?"

"Hapana, mama. Hiyo si mnazi ya bure. Iko na mwenyewe. Tulikataliwa kugusa."

"Mwenyewe gani, na ardhi mliitwaa?"

Akanionyesha kwa kidevu. "Muulize yeye. Huyo ndiye mnazi yake."

Chini ya mnazi ule alikuwako mwanamke wa rika langu, anafagia. Barabara imemzunguka yeye na mnazi wake kama maji yanavyozunguka jiwe. Nikamwendea. Tukaamkiana, tukaulizana habari za nyumbani, za watoto, za magoti. Jina lake Bi Mwanatumu. Mji huu umejengwa juu ya shamba lao yeye na ndugu zake, naye amepewa nyumba ile pale yenye mlango wa kijani.

"Na mnazi huu?" nikamwuliza.

"Huu ni mimi," akasema.

Nikautazama kuanzia shina mpaka makuti.

"Walipokuja kupima," akasema, "tuliwaambia mpimeni mnavyotaka, lakini hapa pana vitovu vyetu. Tukadhani watatucheka. Wakatuambia tuwaonyeshe. Tulikwenda nao mguu kwa mguu, huu wa kaka yangu, ule wa marehemu dada, ule wa mtoto wa shangazi aliyepotelea Tanga asirudi. Wakaifunga vitambaa vyeupe. Wenzangu walisema haya ni ya kutufumba macho, tingatinga likija litapita tu. Tingatinga likaja, dadangu. Likapinda."

"Kila mnazi?"

"Walikata mmoja kwa makosa. Wa kaka yangu mdogo. Mpaka leo hawapiti mbele ya nyumba yake bila kuvua kofia."

Nikageuka, nikaitazama barabara niliyotoka nayo. Pale ilipojikunja karibu na bomba, mnazi. Pale inapokaribia soko na kurudi nyuma, mnazi, mrefu, umeinama kidogo. Siku zote nilikuwa nikipita penye mikunjo ile nacheka. Nilikuwa nawacheka watu. Mji mzima huu umeinama kuwapisha waliozaliwa hapa, hata aliyepotelea Tanga, akirudi atajikuta amesimama.

Nikakaa chini palepale kwenye mchanga.

Bi Mwanatumu akalitazama fundo kwenye leso yangu. Mwanamke aliyezaa hadanganywi na fundo kama lile. "Hicho wakipeleka wapi?"

"Kwangu. Kikoneni."

"Mama yake anajua?"

Nikalifunika fundo kwa kiganja. Akaenda ndani, akarudi na nazi iliyochipua, ya mnazi wake mwenyewe, akaniwekea mapajani bila kusema nipande wapi. Basi nililokuwa nimelikusudia nikalisikia linapita kule barabara kuu, likapiga honi, likaenda zake.

Nikarudi.

Mwanasha nilimkuta amesimama mlangoni, mtoto begani, nywele wazi, na arubaini yake hata nusu haijafika. Nilifungua mdomo nimgombeze, akaniwahi.

"Bibi, kitovu cha mwanangu ki wapi?"

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo. Ki wapi?"

"Marahaba. Ninacho."

"Ulikuwa ukikipeleka Kikoneni."

"Ndiyo."

"Bila kuniuliza mimi niliyemzaa!"

"Na cha kwako nilimwuliza nani? Chako nilikizika peke yangu, mvua inaninyeshea, mama yako hajiwezi. Leo una mnazi. Umepungukiwa nini?"

Machozi yakamtoka, lakini sauti haikutetemeka. Amenirithi mimi, mtoto huyu. "Sikupungukiwa kitu, Bibi. Mimi nikiulizwa kwetu, nakuona wewe na lile jiko lako. Lakini Bakari ataamka kila siku hapa. Atajifunza kutembea hapa. Wataka akiulizwa kwao aonyeshe mahali anapokwenda sikukuu kwa sikukuu?"

Nilitaka kusema ndiyo. Wallahi neno lilikuwa ulimini. Kikoneni nina minazi mitatu ya vitovu, wangu, wa marehemu binti yangu, na wa huyu Mwanasha. Nilitaka wa nne. Mtu mzima ana choyo chake pia, na changu ni hicho.

Nikafungua fundo. Meno yangu hayakuweza kufungua yalichokifunga asubuhi, ikabidi anisaidie. Nikamtilia kitu kile kikavu kidogo kiganjani mwake, nikamwambia, "Haya, wewe ndiye mama. Sema wapi."

Akasema pale pembeni, uani, karibu na dirisha la jiko, penye upepo.

Kuchimba nimechimba mimi, hilo sikumwachia mtu. Nilikuwa nimefika chini kidogo nikasikia mtu anaita, "Mama! Mama mzee! Hapo hapana!" Mutua, anakuja mbio na kamba mkononi. Kumbe vigingi vyao vya barabara mpya vinapita karibu kabisa na dirisha lile, nami shimo langu limeingia upande wa pili wa kamba.

"Hapa ndipo," nikamwambia. "Nenda kamwite mkubwa wako, aje na askari. Siondoki."

Akachungulia shimoni. Akamtazama Mwanasha dirishani na mtoto. Akanitazama mimi, nimejaa udongo mpaka viwiko, nazi iliyochipua iko miguuni pangu.

"Ni ya huyu mdogo?" akauliza.

"Ni cha huyu."

Akakuna kichwa. Kisha akawapigia wenzake mluzi. Wakang'oa kigingi kimoja, wakang'oa cha pili, wakasogea nyuma, wakapigilia tena, wakaivuta kamba. Nikaiona kwa macho yangu ikiacha kunyooka. Ikajikunja polepole, ikazunguka shimo langu, ikaendelea na safari yake.

Barabara ya Serikali imempisha mtu ambaye hata shingo yake haijakaza.

Nimezika. Nimepanda. Nimemwaga maji, nimesoma Fatiha, nimewafukuza waliokuwa wakitazama. Mutua nimempa uji, akaniambia pilipili imezidi, nikamwambia si uji wa wanaume na anyamaze anywe.

Sasa wote wamelala mchana na mimi naandika. Hamisi akirudi jioni ataambiwa, na asipofurahi atapambana na mimi. Arubaini ikiisha nitarudi Kikoneni kwenye minazi yangu mitatu, maana mimi ni wa kule na sitaki kurudishwa kule nimebebwa. Siku yangu ikifika watakuja, Mwanasha na mumewe na huyo Bakari mwenye kichwa, watanizika vizuri, watakaa matanga, kisha watapanda basi warudi kwao.

Kwao. Nimeliandika kwa mkono wangu. Limeniuma, nimelitazama sana, na sikulifuta.