Kurasa za unyago

Dominika, nimeharibu.

Si unaijua ile maktaba ya mtandaoni ya kikundi chetu, mimi ndiye nafungua akaunti za wasomaji. Kurasa za unyago makungwi walikubali ziwekwe kwa sharti moja, wazisome wanawake waliochezwa unyago tu.

Mama Huruma akaomba, nikampa ruhusa kwa namba aliyonitajia. Kumbe simu ni ya mumewe. Nyumba ngapi hapa Mnyambe zina simu moja, na mimi sikuwaza.

Leo sokoni huyo baba ananisalimia kwa maneno ya ndani, yale yetu wanawake. Ya ndani, Dominika, mbele za watu. Huku anacheka.

Na kungwi wetu, Bibi Ziada, yuko nyuma yangu anachagua mihogo.

Akaunti nimeifunga palepale. Lakini kurasa ameshazisoma zote.

Bibi hakunigombeza. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Shikamoo yangu, hakuitikia. Akauliza tu, "Binti yako si anaingia unyago mwaka huu?"

Nikasema ndiyo, bibi.

"Basi mfundishe kwa hiyo simu. Kwetu hana kungwi."